Jina la Kitu na Mahali Pake: Funzo Kutoka kwa Wanaojaribu Programu

Nia ya makala hii ni kueleza jambo moja ambalo wanachuo wengi hulipita haraka wanapojiandaa kufundisha TEHAMA katika shule za msingi, nalo ni namna ya kukitaja kitu kilichomo katika skrini ya kompyuta au ya kishikwambi. Jambo lenyewe laonekana dogo. Mwalimu husema, "Bonyezeni kile kitufe cha juu, upande wa kulia," na darasa zima hubonyeza, na kipindi huendelea. Lakini kitufe hicho kikihamishwa kesho, na katika programu za siku hizi vitu huhamishwa mara kwa mara, mwanafunzi aliyefundishwa mahali pa kitu tu huwa hana alichojifunza. Wako watu ambao kazi yao ya kila siku ni kupambana na tatizo hili, nao ni wale wanaozijaribu programu kabla hazijatufikia sisi watumiaji. Wamebuni njia ya kulikabili, nami naona inatufaa walimu kuiazima.

Mimi ni mkufunzi hapa Bariadi, mwenye stashahada ya elimu, wala si fundi wa kompyuta. Habari hizi nilizipata kwa mdogo wangu ambaye huajiriwa kujaribu programu jijini Dar es Salaam. Alipokuja likizo alikuwa na kazi ya kumalizia, nami jioni nikawa nakaa karibu naye na kumwuliza maswali, kama ilivyo desturi ya walimu. Kilichonivutia hakikuwa mitambo. Kilikuwa ni orodha ndefu iliyofunguliwa kandokando ya kazi yake, ambayo haikuwa na hesabu wala mahesabu, bali majina matupu: kisanduku cha jina la mteja, kisanduku cha namba ya simu, kitufe cha kuhifadhi, kitufe cha kurudi. "Hili ndilo ghala, kaka," aliniambia. "Likichafuka hili, majaribio yote yanalala."

Yafaa kwanza tufahamu kazi yenyewe. Programu yoyote ikibadilishwa hata kidogo, haina budi kujaribiwa upya, kwa kuwa badiliko la mahali pamoja huweza kuharibu mahali pengine ambapo hapakutarajiwa. Tuchukue mfano wa programu ya kuandikisha wanafunzi wa darasa la kwanza. Anayeijaribu hufungua ukurasa, huandika jina, huchagua darasa, hubonyeza kuhifadhi, kisha hutazama kama jina limeingia katika orodha. Mtu akilifanya jambo hilo mara moja huwa makini. Akilifanya mara mia mbili kila juma huchoka, na macho ya mtu aliyechoka huona kile kilichozoeleka badala ya kilichopo. Ndiyo sababu kazi hiyo hupewa programu nyingine, ambayo huandika na kubonyeza mahali pa mtu, usiku na mchana, bila kuchoka wala kunung'unika.

Sasa hapo ndipo panapoanza ugumu. Sisi tukiambiwa "bonyeza Hifadhi", tunatazama na kukiona. Zana ya kujaribia haina macho ya namna hiyo. (Msomaji aniwie radhi kwa neno "zana", hapa si chati wala kadi za silabi.) Lazima ielezwe kitufe hicho kitatambulikanaje miongoni mwa vitu vingine vyote vilivyomo katika ukurasa: ni kitu cha aina gani, kina maandishi gani juu yake, kina kitambulisho gani alichokipa mwandishi wa programu, kimekaa ndani ya nini. Na kwa kuwa kitufe kimoja huweza kuguswa na majaribio mia mbili, maelezo hayo yangalikuwa yakirudiwa mara mia mbili. Kitufe kikibadilika, mtu angalilazimika kuyatafuta yote na kuyasahihisha moja moja.

Ghala likabuniwa ili kuondoa adha hiyo. Kila kitu hupewa jina moja, na maelezo yake huwekwa mahali pamoja tu. Jaribio lenyewe hutaja jina, na zana huenda ghalani kutazama namna ya kukitambua. Kitufe kikibadilika, mstari mmoja husahihishwa ghalani, na majaribio yote mia mbili hupona kwa pamoja. Zana iitwayo QuickTest Professional, ya kampuni ya Mercury Interactive iliyonunuliwa na HP mwaka 2006, ilijulikana sana kwa kuwa na ghala la namna hii ndani yake. Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, na ambayo hupatikana bila malipo, haikuja na ghala. Watumiaji wake huliunda wenyewe kwa kuandika maelezo ya kila ukurasa katika faili lake peke yake. Zana hutofautiana, bali shabaha ni ile ile.

Nilipotaka kuwaeleza wanachuo wangu jinsi zana inavyokitambua kitu, nilitafuta mfano katika vitabu nikaukosa, nao mfano ulikuwa ukipita mbele ya dirisha la darasa kila asubuhi. Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ni mkoa wa pamba na ng'ombe. Mtoto wa Itilima au Meatu aliyepata kuchunga hahitaji kufundishwa utambuzi. Anahitaji kuonyeshwa tu kwamba anaujua. Nikawauliza: mtu akipotelewa na ng'ombe, akaenda kumwulizia kwa jirani, hueleza nini?

Majibu yalikuja mengi. Mmoja alisema chapa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, alama rasmi za mifugo ni jambo linalojulikana vijijini. Mwingine akapinga kwamba chapa ya moto inayoonyesha ng'ombe ametoka wapi huwa juu ya ng'ombe wengi, hivyo haitoshi. Basi akaongeza rangi. Ng'ombe wenye chapa hiyo na rangi ya kahawia walikuwa bado wanne. Akaongezwa kwa pembe: moja imepinda mbele. Hapo akabaki mmoja. Nikauliza tena: na kama mngalisema, "Ng'ombe wangu ni yule wa tatu kutoka mlangoni mwa zizi"? Darasa likacheka sana, kwa maana kila mmoja alijua kuwa wa tatu kutoka mlangoni leo si wa tatu kesho.

Bila kujua, walikuwa wameeleza utaratibu wa QuickTest Professional hatua kwa hatua. Zana hiyo, inapokihifadhi kitu ghalani, huandika kwanza sifa zile za lazima. Zisipotosha kukitenga na wenziwe, huongeza sifa za kusaidia, moja baada ya moja, mpaka kibaki kimoja. Na zote zikishindwa, ndipo kwa shingo upande huandika nafasi yake: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nafasi ni ya mwisho kabisa. Sisi walimu aghalabu ndiyo tunayoianza.

Baada ya mazungumzo hayo tulifanya zoezi ambalo ningependa nilieleze kwa urefu, kwa kuwa halihitaji umeme wala kompyuta hata moja, na mwalimu wa shule yoyote anaweza kuliiga. Kila kikundi kilipewa karatasi moja ya manila iwe skrini. Visanduku viwili vilichorwa kwenye kadi, kimoja cha jina la mwanafunzi na kingine cha darasa, pamoja na vitufe vitatu: Hifadhi, Futa na Rudi. Kadi hizo zilibandikwa kwa pini ili ziweze kuhamishwa. Nyuma ya kila kadi paliandikwa alama fupi ambayo mtumiaji haioni, nayo ilisimama mahali pa kitambulisho anachokiweka mwandishi wa programu. Kisha kila kikundi kiliandika majaribio matano ya kuandikisha na kusahihisha majina. Baadhi ya vikundi niliviagiza vieleze mahali pa kila kitu ndani ya kila jaribio. Vingine viliruhusiwa kutumia maandishi yaliyo juu ya kitufe. Vikundi viwili vilitumia majina tu, na maelezo ya majina hayo yakaandikwa ubaoni katika orodha moja. Hilo likawa ghala lao, nao wakachagua kutumia alama ya nyuma ya kadi kila ilipowezekana. Katika kila kikundi mtu mmoja alikuwa mashine. Sharti la mashine lilikuwa moja: kufanya kilichoandikwa, bila kufikiri na bila kumwonea mtu huruma.

Raundi ya kwanza majaribio yote yalifaulu, na wanachuo wakaona zoezi ni la kitoto. Nikawatoa nje wote isipokuwa mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza "toleo jipya" la skrini. Alikihamisha kitufe cha Hifadhi upande wa kushoto, akakiweka Futa pale kilipokuwa Hifadhi, na juu ya Hifadhi akaandika "Weka". Alama za nyuma hakuzigusa, ila ile ya Rudi, ambayo aliibadili.

Waliporudi, kila kundi lilianguka kwa namna yake. Wale waliotumia maandishi walisimama mara moja. Mashine ilisema, "Hifadhi sikioni," ikanyamaza. Wale wenye ghala waliendelea vizuri mpaka walipofika kwenye Rudi, nao wakasimama. Mtu mmoja akaenda ubaoni, akasahihisha mstari mmoja, na majaribio yote yakaendelea. Lakini wale waliotumia mahali hawakusimama hata kidogo. Mashine yao iliandika jina, ikabonyeza kitufe cha tatu kutoka kushoto kama ilivyoagizwa, ikaenda jaribio la pili, la tatu, mpaka la tano, kwa furaha. Ilikuwa ikibonyeza Futa. Darasa lilicheka mpaka nilipouliza majina yaliyofutwa ni ya watoto wa nani.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwetu. Kuna kushindwa kwa kusimama na kuna kushindwa kwa kuendelea. Anayesimama hujulikana, husaidiwa, na kazi hurudiwa. Anayeendelea akiwa amekishika kitu kisicho chake hujulikana baadaye sana, pengine siku mzazi anapokuja kuuliza kwa nini jina la mwanawe halimo. Na ninyi, ndugu walimu wanafunzi, ndio mtakaoyashika majina hayo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu. Hata kabla ya hapo, mpango wa EQUIP-Tanzania uliofanya kazi katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo, kati ya mwaka 2014 na 2020, ulikuwa umepeleka vishikwambi shuleni kwa ajili ya taarifa za shule. Mwalimu wa kijijini leo hukiandikia kishikwambi mambo ambayo zamani aliyaandika katika rejista, na rejista haikupata kuwahamishia walimu safu zake usiku.

Zoezi lilitufunza pia mambo ya kulitunza ghala lenyewe, ambayo sikuyatarajia. Vikundi viwili vilivyotumia orodha moja ubaoni viligombana. Kimoja kilibadili jina "kitufe cha kuhifadhi" likawa "kitufe kikuu", kwa kuwa liliwapendeza hivyo, na majaribio ya wenzao yakafa yote matano papo hapo. Nilipomweleza mdogo wangu kwa simu alicheka, akaniambia kwamba ugomvi huo hata kazini kwao upo. Ghala la pamoja lina nguvu kuliko la mtu binafsi, ila lazima liwe na mtunzaji mmoja, kama stoo ya zana za kufundishia hapa chuoni, ambako hakuna anayeingia na kubandua lebo za ramani kwa kupenda kwake. Jingine ni majina yasiyosema kitu. Kikundi kimoja kiliita vitufe vyake "kitu 1", "kitu 2" na "kitu 3"; baada ya juma moja hawakukumbuka kipi ni kipi. Jina zuri hutaja kazi ya kitu. Tena kuna vitu vilivyokufa: kadi imeondolewa kwenye skrini, nalo jina lake bado limo ubaoni, na kila mtu anaogopa kulifuta asije akamharibia mwenziwe. Nafikiri hofu hiyo ndiyo inayoyajaza maghala yote duniani, ya kompyuta na ya mazao.

Suala la lugha linastahili kutajwa peke yake. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi ambazo menyu na vitufe vyake vimeandikwa kwa Kiswahili. Jaribio lililokuwa likikitafuta kitufe kwa neno lake la Kiingereza lingalisimama mbele ya kitufe kile kile kilichovaa neno "Hifadhi". Ndivyo alivyo na mtoto wa Maswa aliyekariri herufi nne za neno la Kiingereza kama mtu anayekariri umbo la chapa: mpe skrini ya Kiswahili, naye husema kompyuta hii ni mbovu. Aliyefundishwa kwanza kuhifadhi ni kufanya nini, yaani kuiweka kazi mahali isipotee, hukitafuta kitufe kwa kazi yake, kiwe kimeandikwa kwa lugha yoyote au kimechorwa picha tu.

Mkufunzi mwenzangu mmoja alinipinga kwa hoja nzito. Aliniambia kwamba mwanachuo huyu atakwenda kukutana na darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, nami nampotezea vipindi kwa habari za watu wanaojaribu programu mijini. Hoja hiyo siibezi. Ningalikubaliana naye kabisa kama zoezi lingalidai mitambo. Vilevile nakiri kwamba kazi ya hatua tatu haihitaji ghala. Mwalimu anayetaka watoto waizime kompyuta tu, na awaonyeshe, basi. Faida huanza pale kitu kimoja kinapotajwa katika maelekezo mengi, na maelekezo mengi ndiyo tunayoyaandika.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka uliofuata, mwalimu mmoja aliyehitimu kwetu na kupangiwa shule katika Wilaya ya Itilima alikuja kunitembelea akiwa na karatasi kadhaa. Yalikuwa maelekezo aliyowaandikia walimu wenzake ya kutumia programu fulani katika kishikwambi: karatasi moja ya kuandikisha, nyingine ya uhamisho, nyingine ya mahudhurio, nyingine ya alama. Kila hatua ilisema juu, chini, kulia, kushoto. Sura ya programu ilikuwa imebadilishwa, kama programu zote zinavyobadilishwa, na karatasi zote zilikuwa zimekuwa takataka kwa siku moja. Walimu wazee shuleni walikuwa wameanza kumwachia yeye kazi yote, naye alikuwa akikesha. Tulikaa mezani mchana mmoja. Tuliondoa kila neno la mahali, tukaweka majina: kitufe cha kuongeza mwanafunzi, orodha ya madarasa, kisanduku cha tarehe. Yalipatikana majina tisa tu katika karatasi zote. Kisha tukaandika karatasi moja ya ziada yenye majina hayo tisa, na mbele ya kila jina sifa zake kwa mpangilio ule wa ng'ombe: kazi yake, maandishi au picha iliyo juu yake, kisha mahali pake kwa penseli. Kwa penseli, ili pafutike. Karatasi hiyo ibandikwe katika ofisi ya mwalimu mkuu, na atakayeisahihisha awe mmoja. Sura ya programu ilipobadilika tena, alisahihisha karatasi hiyo moja, na wenzake wakaendelea na kazi wenyewe.

Limebaki swali alilouliza mwanachuo mmoja wa kike, ambalo ndilo swali bora nililolipata muhula ule. Aliuliza: na kama ng'ombe amevunjika ile pembe iliyopinda? Je, mchungaji atasema huyu si wake? Hapana, alijijibu mwenyewe, atamtazama kwa sifa zilizobaki. Ni kweli, na zana ile ya QuickTest Professional ilipewa uwezo wa namna hiyo: maelezo ya ghalani yasipolingana na kitu chochote, huweza kulegeza masharti, ikakitafuta kitu kinachokaribiana zaidi, na kuandika onyo katika ripoti kwamba imekisia. Wanachuo walifurahi sana kuona mashine ina busara ya mchungaji. Mmoja wa nyuma akasema kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoondoka na ng'ombe wa jirani.

Nilimpelekea mdogo wangu swali hilo. Akajibu kwamba mahali anapofanya kazi ukisiaji wa namna hiyo umezimwa, kwa sababu watu walikuwa hawazisomi ripoti za maonyo. Zaidi ya hayo hakusema. Wanachuo wa muhula huu wameomba kulirudia zoezi la manila huku mashine ikiruhusiwa kukisia, nami nimewakubalia, kwa sharti kwamba kila inapokisia iseme kwa sauti, na katibu wa kikundi aandike.